Theluji au mto? Kuchagua safari ya milimani na marafiki

Mko sita, mna wiki moja ya likizo na mnataka milima. Wawili wanasema twende juu tukateleze kwa skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, mbali kabisa na vituo vyenye lifti za kuwapandisha watu mlimani. Wawili wanasema tushuke mto kwa rafti, boti la mpira la kujazwa upepo, na kulala mchangani. Wawili waliobaki wanasema "popote tu", na hao ndio watakaowasumbua baadaye. Mjadala wa namna hii kwa kawaida huamuliwa na picha: mwenye picha kali zaidi kwenye simu ndiye anayeshinda.

Nimezifanya safari zote mbili, tena mara kadhaa na watu walewale, na rai yangu ni moja. Acheni kwanza kuutazama mlima na mto, jitazameni ninyi. Theluji inataka marafiki wanaothubutu kusema "hapana" mbele ya wenzao. Mto unataka marafiki wanaoweza kuvumiliana hadi siku ya mwisho. Kundi lenye sifa zote mbili ni adimu, na mengi ya yanayofuata hapa chini yanatokana na hilo.

Siku inavyokwenda

Skii ya nje ya vituo ni kazi ya kupanda. Mnaamka kabla ya alfajiri na kubandika "ngozi" chini ya skii. Zamani zilikuwa ngozi za sili kweli. Leo ni vitambaa vya nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora, vyenye vinyweleo vilivyolala upande mmoja ili skii iteleze mbele na isirudi nyuma. Kisigino kinabaki huru, vidole ndivyo vilivyofungwa. Kundi la kawaida hupanda mita 300 hadi 400 za kimo kwa saa. Kilele kilicho mita 1,200 juu ya mlipoegesha gari ni saa tatu au nne za kutembea, kila mtu na pumzi zake. Kushuka ni nusu saa, labda chini ya hapo. Anayezitaka dakika hizo za kushuka peke yake afadhali abaki penye lifti, maana huku atanuna kuanzia saa ya pili.

Mtoni kazi nzito iko ufukweni, asubuhi na jioni: kupakia, kukaza mikanda, kupakua, kupika, kuosha vyombo. Mkishang'oa, maji ndiyo yanayowabeba. Aliyeshika makasia anatoka jasho, wengine wamekaa omo wanapiga soga. Kwa urafiki tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye theluji mnaongea vipande vifupi, mnaposimama kunywa maji au kubadili kona. Mtoni mnaongea mpaka maneno yanawaishia, halafu kama siku ya nne hivi mazungumzo ya kweli yanaanza. Ugomvi wa kweli pia huanza siku hiyohiyo, na mara nyingi chanzo chake ni mtu ambaye hajawahi kugusa sufuria chafu tangu safari ianze.

Mahali pa kugeuka

Hapa ndipo ninapomwomba kila anayechagua akae kidogo.

Ukipanda kwa skii, kila hatua ya kwenda juu ina njia ya kurudi chini, na ni njia mliyoipita wenyewe dakika chache zilizopita. Hali ya hewa ikichafuka mnageuza. Mmoja akiumwa tumbo mnageuza. Hata safari ndefu kama Haute Route, kutoka Chamonix nchini Ufaransa hadi Zermatt nchini Uswisi, ambayo wengi huimaliza kwa siku sita au saba, ina nyumba za kulala wapandaji kila jioni, na sehemu kadhaa mnaweza kuiacha njia na kushukia bonde la pembeni. Kugeuka kupo karibu kila saa.

Mto hauna habari hiyo. Tuchukue mto Colorado ndani ya Grand Canyon, nchini Marekani. Mkisukuma rafti zenu pale Lees Ferry, kuna kilomita 364 hivi mpaka Diamond Creek, na katikati hakuna barabara ya gari inayofika majini. Kuna njia za miguu zinazopanda ukingo wa korongo, na mtu anaweza kuondoka kwa kutembea kwa jasho jingi, lakini rafti na mizigo yote lazima viende mpaka mwisho. Mmesukuma, mmeamua.

Kwa hesabu ya haraka basi, skii ndiyo salama zaidi, kwa kuwa inakupa nafasi ya kubadili mawazo. Nilidhani hivyo miaka mingi. Kasoro ni kwamba nafasi ya kugeuka inataka mtu wa kuitumia, na mtu huyo inambidi aongee wakati wenzake wameshapanda saa tatu, kilele wanakiona, na jua limetoka. Mtoni uamuzi mkubwa mnaufanya mara moja, ufukweni, mkiwa mmelala vizuri. Kwenye theluji mnaufanya tena na tena, mkiwa mmechoka na wenye tamaa.

Hatari inayonyamaza na hatari inayonguruma

Maporomoko mengi ya theluji huanza kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, yaani miteremko ileile iliyo mitamu kuteleza. Aina inayoua zaidi ni ya bamba: theluji iliyoshikamana imelala juu ya tabaka dhaifu, punje zisizoshikana kama sukari, na tabaka hilo limefunikwa huenda tangu wiki tatu zilizopita. Kwa juu huoni kitu. Ni nyeupe, laini, nzuri. Uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja tabaka la chini, na katika takriban ajali tisa kati ya kumi zinazoua, anayelianzisha poromoko ni mwathirika mwenyewe au mtu wa kundi lake.

Wakati mwingine theluji husema. Tabaka dhaifu likibonyea unasikia mguno mzito chini ya miguu, kama mtu ametua gunia chumba cha chini, na uwanda mzima unashuka sentimita moja. Ni onyo la wazi kuliko yote: geuka. Mwaka mmoja tukiwa watano tuliusikia mguno huo kwenye kijibonde, kama saa moja chini ya kilele. Aliyetangulia alisita, akatazama skii zake, akaendelea. Nikaendelea. Wote tukaendelea. Mteremko haukuporomoka, tukateleza mpaka chini, tukapiga picha. Usiku, tukikausha soksi, mmoja akauliza kama kuna mwingine aliyesikia kitu. Watano wote tulikuwa tumesikia.

Lililonitisha zaidi ya mguno wenyewe ni kwamba siku hiyo ilihesabika kuwa siku nzuri. Theluji inaweza kukupa alama zote kwa jibu lisilo sahihi. Unaweza kukosea miaka kumi ukiamini una kipaji, kwa sababu tu mteremko haukukudai deni lake. Mtafiti Ian McCammon alizichambua ajali 715 za maporomoko ya theluji zilizotokea Marekani kati ya 1972 na 2003, na akaonyesha jinsi watu walivyoponzwa na vitu vya kawaida kabisa: kuzoea eneo, kutaka kukubalika na wenzao, kung'ang'ania mpango wa asubuhi, kumfuata anayeonekana mjuzi, kuiga nyayo za kundi jingine, kukimbilia theluji mpya kabla wengine hawajaipita. Orodha hiyo ukiisoma polepole, ni picha ya kundi la marafiki likizoni.

Taarifa ya hatari hutolewa kwa viwango vitano. Ulaya wameafikiana juu ya viwango hivyo tangu 1993. Kiwango cha 5 ni nadra, na kikitangazwa watu hukaa ndani. Ni cha 3 kinachoua wengi, kwa kuwa jina lake halitishi na hali ya hewa mara nyingi ni nzuri.

Mto ni mkweli zaidi, angalau kwa anayeweza kuona na kusikia. Lava Falls, sehemu ya maji makali ya Grand Canyon kiasi cha kilomita 288 kutoka Lees Ferry, unaisikia kabla hujaiona: mngurumo unaotoka nyuma ya kona wakati maji uliyo juu yake bado yametulia kama mafuta. Kila kundi lenye akili linafunga rafti, linapanda kwenye miamba myeusi ya volkano na kutazama. Mnakaa nusu saa mkinyoosheana vidole: shimo lile pale katikati, wimbi lile la kulia, tupite wapi. Mnarusha kijiti na kukifuata kwa macho mpaka kinapomezwa. Halafu mnashuka, na ndani ya sekunde ishirini mto umeshawajibu. Mkikosea mnajua, maana mmelowa au mmepinduka. Funzo linaingia palepale, na kesho yake kila mtu anasikiliza vizuri zaidi.

Ugumu wa maji hupimwa kwa daraja la I hadi la VI, na kwa marafiki wasio wazoefu sana daraja la III linatosha kufurahisha. Lakini namba hiyo msiichukue kama ya kudumu. Maji yakiongezeka, mahali pa III panaweza kuwa IV, na pengine pale palipokuwa na mawe ya kutisha panafunikwa na kuwa laini. Kasi ya mkondo ikiwa maradufu, nguvu yake ya kusukuma inakuwa mara nne.

Usidanganyike pia kwamba kinachonguruma ndicho kinachoua. Mti ulioanguka na kulala ndani ya maji hauna kelele. Maji yanapita kati ya matawi, mtu hapiti. Na kosa la mgeni ni kujaribu kusimama: amedondoka, maji yanamfika kiunoni, anadhani ni salama, anakanyaga, mguu unanasa kati ya mawe na mkondo unamlaza kifudifudi. Ukidondoka lala chali, miguu mbele kuelekea unakopelekwa, vidole vya miguu vikichungulia juu ya maji. Ukiona mti mbele, hapo ndipo unageuka tumbo na kuogelea kwa nguvu zako zote.

Mkikosea, mna dakika ngapi

Aliyefunikwa na theluji akitolewa ndani ya dakika 10 za kwanza, uwezekano wa kupona ni karibu tisa kati ya kumi. Ikifika nusu saa, unabaki kama theluthi moja. Hakuna helikopta inayofika ndani ya dakika kumi. Mwokoaji wako ni rafiki yako aliyesimama pale juu, na ndiyo maana kila mmoja hubeba vitu vitatu bila mjadala: redio ya kutafutana, ambayo duniani kote hutumia masafa ya kilohezi 457, ufito wa kuchokoa wa mita 2.4 au zaidi, na beleshi la chuma. La plastiki mwachie mtoto achezee.

Kutafuta kwa redio watu hukufanyia mazoezi. Kuchimba hawafanyii, na kuchimba ndiko kunakokula dakika. Theluji ikishaporomoka na kusimama hushikana kama saruji. Kumfikia mtu aliye mita moja chini ni kuhamisha tani moja hivi ya theluji. Ukichimba wima juu ya kichwa chake unajichimbia kisima kinachojifukia. Unauacha ufito ulipomgusa, unashuka upande wa chini wa mteremko umbali wa kama mara moja na nusu ya kina, unachimba kuelekea ndani kwa ulalo, na mwenzako nyuma yako anaisukuma theluji nje kama anapiga kasia. Mbadilishane kila dakika moja. Jaribuni siku moja kulizika begi na kulichimbua mkiangalia saa. Atakayesema "hiyo tunaijua" ndiye wa kutazamwa.

Maji ya mto wa theluji iliyoyeyuka yana kanuni yake, maarufu kama moja-kumi-moja: dakika 1 ya kutuliza pumzi iliyokatika kwa mshtuko wa baridi, dakika kama 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla baridi haijakuzimisha fahamu. Jaketi okozi ndilo linaloifanya hesabu hiyo iwe na maana. Bila hilo, wengi huishia kwenye dakika ile ya kwanza. Jua la kiangazi lisikuhadae. Ndani ya Grand Canyon hewa hufika nyuzi joto 40, na mto chini yako unatoka vilindini mwa Bwawa la Glen Canyon, ambalo limezuia maji tangu 1963, ukiwa na baridi kuliko hewa hiyo kwa mbali.

Hata hivyo, mwenzako akidondoka mtoni kwa kawaida unamwona. Kichwa kinaelea, unamrushia mfuko wa kamba ya mita 20, anaushika, unamvuta. Kwenye theluji dakika ya kwanza yote unatazama weupe mtupu.

Asiyejua kitu

Hapa mto unashinda bila ubishi. Mtu ambaye hajawahi kuona rafti anaweza kukaa omo siku ya kwanza, akashika kamba, akawa sehemu kamili ya safari, mradi kwenye makasia yupo anayejua. Skii haina abiria. Kila mmoja lazima ajue kuteleza kwenye theluji mbaya, si ile iliyosawazishwa kwa mashine, akiwa na mzigo mgongoni na mapaja yanayotetemeka. Hilo ni suala la misimu kadhaa. Kozi ya msingi ya maporomoko huchukua kama siku tatu na kozi ya uokoaji wa mtoni siku mbili au tatu, lakini kozi ya theluji haimfundishi mtu kuteleza.

Kama kati yenu kuna hata mmoja asiyejua skii na hamtaki kumwacha, mjadala umekwisha. Nendeni mtoni.

Vibali, mizigo na sanduku la chuma

Skii kwa kawaida haihitaji kibali. Mnahitaji gari, taarifa ya hatari ya asubuhi hiyo, na labda vitanda vilivyowekwa mapema. Mito maarufu ina foleni. Grand Canyon hutoa vibali vya makundi binafsi kwa bahati nasibu tangu 2006, kundi lisizidi watu 16, na mtu haruhusiwi safari zaidi ya moja kwa mwaka. Middle Fork ya mto Salmon huko Idaho, kilomita 160 hivi, nayo ina bahati nasibu yake. Mnaweza kuomba miaka kadhaa bila kupata. Kumbukeni pia magari: mto unawaacha mbali na mlipoanzia, kwa hiyo lazima mtu ayahamishe.

Kwa mizigo, skii ni ukali wa gramu na mto ni ukarimu wa masanduku. Mtoni mnabeba viti, meza na vyakula vibichi. Mnabeba pia choo. Kwenye mito hiyo kinyesi chote hurudishwa nje ndani ya sanduku la chuma lisilovuja. Zamani walitumia masanduku ya kuwekea risasi za bunduki, tena bila kikalio, na jina ambalo waendesha rafti bado wanaliita sanduku hilo, "groover", lilitokana na mifereji miwili iliyobaki kwenye makalio ya aliyekaa sana. Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo, jiulize ni nani atakayelibeba siku ya nane.

Nani aende wapi

Waswahili wana msemo: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwenye rafti ni kweli tupu. Katikati ya maji makali sauti ni moja, na aliyesema "vuta kulia" havumilii hoja. Hoja zilikuwa kule juu ya miamba. Kundi lenye mjuzi mmoja au wawili na wengine watiifu na wacheshi linafanya vizuri sana mtoni.

Kundi hilohilo likienda kwenye theluji ninaogopa. Mjuzi mmoja na wafuasi ndiyo sura ya ajali nyingi. Juu kule ni lazima kila mtu, hata mgeni kuliko wote, awe na turufu ya kusimamisha safari bila kudaiwa maelezo, na wengine wageuke bila kununa hata ndani ya gari. Ndiyo maana kwa skii nawapenda watu watatu au wanne. Wakiwa saba, kila mmoja anadhani mwingine ameshafikiri. Mtoni, kumi na wawili ni raha.

Wale wawili wa "popote tu" wapelekeni mtoni. Mtu asiyesema anachotaka mezani hatasema kwamba amesikia mguno.

Na kama mko watatu mnaoambizana ukweli bila kuogopana, theluji ya machipuko inawafaa: inaganda usiku, ni imara asubuhi, na mmeshashuka kabla jua la mchana halijailegeza. Wiki sita baadaye theluji hiyohiyo iko mtoni. Mkienda kuifuata huko, kumbukeni saa zake zimechelewa: iliyoyeyuka saa nane mchana huko juu inaweza kufika kambini kwenu usiku wa manane. Chomekeni kijiti kwenye ukingo wa maji kabla ya kulala, na rafti mzifunge kwenye mti, kwa kamba mbili, juu zaidi ya mnavyodhani inahitajika.